Nimeuziwa waridi "lisilo na miiba", limemchoma mama yangu, halafu naambiwa nivumilie!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnisamehe kwa urefu.

Mwaka jana mwezi wa 11 niliagiza miche 4 ya waridi la kutambaa kwa muuzaji wa mtandaoni, yuko mikoa ya baridi. Jina lake silitaji. Alinitumia picha: maua ya pinki iliyokolea, matawi hayana hata mwiba mmoja. Akaandika kwa mkono wake, "Zéphirine Drouhin, waridi la kale, halichomi." Elfu 30 kwa mche, nauli ya basi hadi Mtwara juu yangu. Nikatuma laki na ishirini siku hiyohiyo.

Mama yangu anakaa Mikindani, macho yamepungua, kutwa yuko barazani. Alitaka ua linalonukia lipande juu ya mlango. Wajukuu wanapita pale mbio, na yeye mwenyewe huujua mlango kwa kupapasa nguzo. Ndiyo sababu nikatafuta lisilo na miiba, sikukurupuka.

Miche ilishika vizuri na mvua za Desemba, ikakimbia juu ya nguzo. Mwezi wa 5 mama akanyoosha mkono kutafuta ua. Mwiba umepinda kama ndoana, ukaingia kwenye nyama ya kidole gumba, mwingine ukanasa upindo wa kanga. Ilibidi nikate tawi kwa mkasi ndipo atoke. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mwanangu, si ulisema hili halichomi?"

Nikampigia muuzaji. Jibu lake: "Dada, vumilia, miiba hupukutika mmea ukikomaa. Na joto la pwani ndilo linaloleta miiba."

Uongo mtupu! Zéphirine Drouhin lilitolewa Ufaransa na Bizot mwaka 1868. Tangu hapo linazalishwa kwa vipandikizi na kwa kubebesha, yaani kuunganisha kijiti chake juu ya shina la waridi jingine, na matawi yake yamebaki laini. Ni tabia ya mmea wenyewe, haiji na joto wala haiondoki na baridi. Hata Kathleen Harrop la mwaka 1919, lenye maua ya pinki hafifu, lilichipuka kwenye tawi la hilohilo na matawi yake ni laini vilevile.

Basi nikafukua. Miche 2 ina kifundo pale ilipobebeshwa, na juu ya kifundo kikonyo, kile kijiti kilichounganishwa, kimekufa, cheusi, kikavu. Kila kilichoota kimetoka chini yake, ni maotea ya shina la chini. Miche 2 mingine haina kifundo kabisa, haijawahi kubebeshwa. Yaani mtu kachukua mashina ya kubebeshea, kayafunga kwenye mfuko, kaniuzia kwa jina la ua. Huku kwetu ni watu wa mikorosho, kikonyo kikifa tunakijua kwa kukitazama!

Na majani yanasema wazi. Kwenye mche wangu, pale jani linaposhikana na tawi, kuna vijani viwili vyembamba vilivyochanika pembeni kama ndevu. Hiyo ni alama ya Rosa multiflora, waridi linalotumika sana kama shina la kubebeshea. Maua yalipotoka yakawa meupe, madogo, petali 5, yamesongamana kishada. Zéphirine lina ua kubwa lenye petali nyingi, harufu kali tamu, machipukizi machanga mekundu-kahawia, na huchanua tena na tena.

Kuna na wanaouza waridi la Banks kwa jina hilohilo. Lile kweli halina miiba, lakini maua yake ni madogo, meupe au ya njano, huja mara moja kwa mwaka, tena kwenye matawi ya zamani. Ukiyapogoa yote kabla ya msimu wake umejikatia maua. Ni mmea mzuri, ila si nilioulipia.

Msiniambie waridi la pwani ni kazi bure. Udongo wetu wa matumbawe una chokaa, majani huwa ya njano mishipa ikabaki kijani, kwa hiyo shimo nilichimba kubwa nikajaza samadi iliyooza. Zéphirine huugua ukungu na madoa meusi likibanwa ukutani bila hewa, nalo halichukii kivuli cha mchana. Nilikwisha litengea upande wa mashariki, fito zimeachana na ukuta kiasi cha kiganja, matawi yalazwe kwa ulalo maana tawi lililolala hutoa maua urefu wake wote. Hata salfa ninayo, ileile tunayopulizia ubwiri unga, ule ukungu mweupe, kwenye mikorosho, ya kutia asubuhi kabla jua halijawa kali lisije likaunguza majani. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa waridi lenyewe!

Nataka hela yangu, laki na ishirini na nauli. Amenifungia simu wiki ya tatu sasa.

Na mwenye Zéphirine wa kweli, awe Newala, Masasi, Lindi au popote, naomba vipandikizi vya urefu wa penseli kutoka tawi lililokwisha kuchanua. Sitaki kilichobebeshwa tena, nataka kinachoota kwa mizizi yake, hata kikitoa maotea yawe ni yaleyale. Nitavifuata mwenyewe na gazeti lililoloweshwa. Picha ya ua sihitaji. Nitumie picha ya tawi, kwa karibu, toka chini kabisa kwenye udongo.