Himoglobini 18.4, chembe nyeupe 12.8: ni sigara tu au kuna jambo?

FundiMsamvu

Wakuu, habari za usiku. Mimi ni fundi gereji hapa Morogoro, miaka 43, fegi navuta tangu nina 17. Kwetu ni Urambo. Tumbaku ndiyo iliyonilipia ada, kwa hiyo moshi nilianza kuuzoea kwenye bani la kukaushia tumbaku kabla haujafika mdomoni. Siku hizi ni pakiti moja, nikilala na gari ya mtu inazidi.

Wiki iliyopita nilikwenda kumtolea damu shemeji aliyekuwa anasubiri upasuaji. Nesi akanichoma kidole, akatazama kimashine chake, akatazama tena: "Kaka, damu yako 18.4." Nikacheka, nikadhani nasifiwa. Nyumbani watoto wananyweshwa rosela wapate damu, kumbe baba anayo ya kugawa! Nesi hakucheka. Akanituma nikapime FBP, kile kipimo cha damu cha kuhesabu chembe zote.

Majibu: himoglobini 18.2, chembe nyeupe 12.8, chembe sahani (zile za kugandisha damu) 310. Daktari aliuliza swali moja tu, kama navuta. Akaniambia niache, nirudi baada ya miezi mitatu. Foleni nyuma yangu ilikuwa inafika mlangoni, nikaona haya kuuliza zaidi.

Kinachoninyima usingizi ni hiki: mjomba wangu alifariki kwa kansa ya damu, naye alikuwa mvutaji. Nakumbuka walisema chembe zake nyeupe zimezidi. Je, huanza hivi? Halafu moshi unaingia mapafuni, damu inahusikaje? Kile kibanio cha kidole cha kupima oksijeni kilisoma 98, kwa hiyo hewa ninayo.

DadaDarubini

Kaka, pole na mawazo. Nipo maabara miaka 14 na karatasi kama yako naiona karibu kila wiki, mara nyingi ya dereva au mlinzi wa usiku.

Nianze na hiyo 98, maana ndiyo inayokudanganya. Moshi wa sigara una kaboni monoksaidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Hiyo gesi inaing'ang'ania himoglobini, kibeba oksijeni kwenye chembe nyekundu, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoing'ang'ania. Sasa kibanio cha kawaida hakijui nani kakalia kiti. Kinaona kiti kimejaa, kinaandika 98. Mwili wenyewe unajua una njaa ya oksijeni, unaagiza chembe nyekundu zaidi. Ndiyo 18 yako. Damu hiyo ni nzito, na mimi hapo naogopa kuganda kwake na kiharusi kabla sijaogopa kansa.

Chembe nyeupe 12.8, yaani 12,800, imepita kidogo mpaka wa 11 tunaoutumia hapa kwetu. Mapafu yanawashwa kila siku, uboho (kiwanda cha damu ndani ya mifupa) unatuma askari kila siku. Za mjomba wako huenda zilikuwa makumi ya maelfu na zaidi, na chini ya darubini nyingi zilikuwa changa, hazijakomaa. Muulize aliyesoma slaidi yako kama aliona chembe changa. Hilo swali lina thamani kuliko namba.

KibokoYaMabishano

Acheni kutishana. Babu yangu alivuta msokoto mpaka akafa uzeeni kwa kuanguka mwembeni.

DadaDarubini

Babu apumzike kwa amani. Alikuwa anafanya nini juu ya mwembe na uzee ule?

Turudi kwenye kansa. Moshi wa sigara una kemikali iitwayo benzini, na benzini inajulikana kusababisha lukemia kali ya mayeloidi, aina mojawapo ya kansa ya damu. Inafika kwenye uboho na kuharibu kromosomu za seli mama, zile zinazozaa chembe zote za damu. Mvutaji hatari yake ya lukemia hiyo ni kubwa kwa takriban asilimia 40 kuliko asiyevuta kabisa. Lakini usiitafsiri kama 40 kati ya 100! Marekani, ambako wanahesabu vizuri, ni kama watu 4 kwa kila 100,000 wanaogunduliwa nayo kwa mwaka. Ukiongeza asilimia 40 hapo bado ni wachache. Kansa ya mapafu ndiyo inayopanda mara 15 hadi 30. Na "kansa ya damu" ni jina la magonjwa mengi, mengine uhusiano wake na sigara haueleweki vizuri, kwa hiyo ya mjomba ilikuwa ipi?

Kitu kimoja zaidi: kuna ugonjwa wa uboho uitwao polisaithemia vera, nao ni aina ya kansa ya damu, unapandisha himoglobini vilevile. Ukiwashwa mwili baada ya kuoga maji ya moto, au ukahisi uzito chini ya mbavu za kushoto, usingoje miezi mitatu. Kuna kipimo cha jeni ya JAK2 cha kuutafuta ugonjwa huo. Daktari ataamua.

MzeeWaSpana

Fundi mwenzangu, gerejini mnanawa nini kutoa grisi?

FundiMsamvu

Petroli, mzee. Kuna kingine?

MzeeWaSpana

Ndiyo hiyo benzini anayosema dada. Imo kwenye petroli na inapita kwenye ngozi. Na kama unanyonya kwa mpira kutoka kwenye tangi, ndiyo balaa kabisa. Mimi nanawa kwa sabuni ya unga na maranda ya mbao tangu 2016. Fegi niliacha mwaka uliofuata. Himoglobini ilitoka 17.9 ikafika 15.6 ndani ya miezi mitano.

DadaDarubini

Inaendana. Gesi inatoka mwilini ndani ya siku moja au mbili, lakini chembe nyekundu huishi kama siku 120, kwa hiyo namba haishuki kwa wiki. Ndiyo maana uliambiwa miezi mitatu.

FundiMsamvu

Asanteni. Kuwashwa sina. Nimempigia mama Urambo kuuliza ya mjomba, anasema karatasi zipo kwenye sanduku, atamwita mjukuu amsomee kesho. Leo nimevuta nne. Maranda nimeyapata kwa seremala jirani, bure, ila vijana wa gereji wananicheka.