Natoka Mtwara, nataka kupanda Hanang siku moja: nijiandaeje?

MwanaMikindani
Wakuu, habari za jioni. Mwezi wa tisa nataka kupanda Mlima Hanang, kupanda na kushuka siku hiyohiyo. Ni takriban mita 3,420, na mimi huku nikifungua mlango naiona bahari.

Mwaka jana nilifika Marangu usiku, nimechoka na basi, asubuhi nikaanza kupanda Kilimanjaro kwenda kibanda cha Mandara, mita 2,720. Kabla ya kufika kichwa kiligonga, nikatapika chai yote. Na nilikuwa nakimbia ufukweni Shangani kila jioni! Nizidishe mazoezi, au kuna kingine?

MmakondeWaJuu
Pole mkuu. Ufukwe unakupa pumzi, ila hauna mlima. Njoo Newala, pale Shimo la Mungu, kwenye mteremko mkali wa ukingo wa uwanda wa Makonde. Shuka kuelekea bondeni, kisha upande na begi lenye lita tano za maji. Bibi yangu alipanda huko na maji kichwani, maana juu ya uwanda hakuna mto. Fanya kila wiki kwa miezi miwili, na usikwepe kushuka. Kushuka ndiko kunakomaliza magoti.

DadaNesi
Mazoezi hayo fanya, lakini hayazuii ugonjwa wa mwinuko, yaani kichwa na kutapika kama kulikokupata. Hata mkimbiaji hodari unampata. Oksijeni huko juu ni asilimia 21 ileile, ila mgandamizo wa hewa umepungua. Kileleni Hanang kila pumzi inakupa kama theluthi mbili tu ya unachovuta Mikindani. Mwili unataka muda wa kuzoea, na Newala haifiki hata mita 1,000.

Kwa hiyo lala Katesh, mji ulio chini ya Hanang, usiku mbili au tatu. Siku moja kati ya hizo panda kidogo, urudi kulala chini. Wiki ya mwisho punguza mazoezi, ulale vya kutosha. Nadhani mwaka jana uchovu na kukosa maji vilichangia. Dawa ya kuzuia ugonjwa huo, asetazolamaidi, ipo, ila muone daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa.

Na tafadhali, sisi watu wa Pwani: ukiwa na homa kabla ya safari, pima malaria. Mlimani kichwa kikiuma, pumzika. Kikizidi, au ukianza kupepesuka, shuka hapohapo, hata kilele ukiwa unakiona.

MwanaMikindani
Asante sana dada. Tatizo likizo yangu ni siku tano.

KusiniKwetu
Hazitoshi ndugu. Mtwara hadi Dar siku nzima, Dar hadi Katesh siku nyingine, na kurudi vivyo hivyo. Utapanda ukiwa na uchovu uleule wa Marangu. Omba siku zaidi, au sogeza safari.

MwanaMikindani
Nimeshaongea na bosi, kanipa siku tisa. Jumamosi naanza Newala. MmakondeWaJuu, tukutane saa kumi na mbili asubuhi? Lita tano nitakuja nazo.

MmakondeWaJuu
Karibu. Viatu vaa vilevile utakavyopandia Hanang.