Je, inafaa kulipa shilingi 4,500 ili kuandikiwa wasifukazi (CV)?

NyarKisumo aliuliza:

Hamjambo wenzangu. Nina stashahada ya ununuzi na ugavi, na kwa miaka mitano nimekuwa karani wa stoo katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Kisumu. Tangu Januari nimetuma maombi kwa viwanda na mashirika yasiyo ya kiserikali, hapa na Nakuru, bila kuitwa kwa mahojiano hata mara moja. Wasifukazi wangu nilichapiwa kwenye saiba kule Kondele kwa shilingi 200. Sasa nimepata mwandishi anayetoza 4,500 kwa wasifukazi, barua ya maombi na ukurasa wa LinkedIn, ule mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi. Hiyo ni kodi yangu ya nyumba ya mwezi mzima. Nikilipa, ninanunua nini hasa?

BahashaYaKaki alijibu:

Mimi nililipa 3,500 mwaka wa 2023, nikapata kitu cha kupendeza macho tu: safu mbili, utepe wa buluu pembeni, picha yangu ndani ya duara, na nyota nne kati ya tano za ujuzi wangu wa Kiingereza, ambazo hadi leo sijui alizihesabu vipi. Hakuniuliza swali hata moja. Kibaya zaidi, kwenye orodha ya warejelewa, yaani watu wa kuulizwa habari zangu, palibaki jina la mhadhiri nisiyemjua, bila shaka wa mteja mwingine, nami nikautuma wasifu huo mara sita kabla ya kuligundua. Nilipompigia simu kudai pesa zangu, haikushikwa.

MamaMilimani alijibu:

Pole sana, BahashaYaKaki. Hizo safu mbili nazo huenda zilikuponza, kwa sababu baadhi ya waajiri wakubwa huchuja maombi kwa programu ya kompyuta, na programu hizo mara nyingine huchanganya maandishi yaliyowekwa kwenye majedwali au safu.

NyarKisumo, nimeketi katika kamati za kuchuja maombi mara kadhaa, na kwa raundi ya kwanza sikuwa nikiupa wasifu mmoja hata dakika nzima. Wengi huandika "niliwajibika kusimamia stoo", sentensi ambayo hata aliyepoteza nusu ya bidhaa anaweza kuiandika. Mwandishi anayestahili malipo atakuuliza ulipokea malori mangapi kwa wiki, ulihesabu bidhaa kila baada ya muda gani, upungufu ulikuwa kiasi gani ulipoanza na ulipungua hadi wapi, kisha ayaandike majibu hayo kwa maneno ya tangazo la kazi lenyewe. Maswali hayo ndiyo unayoyalipia. Kabla ya kutuma pesa, mwombe muongee kwa simu nusu saa. Akikwambia umtumie wasifu wa zamani tu na malipo kwa M-Pesa, achana naye.

Kwa baadhi ya kazi hata mwandishi hodari hatakufaa sana. Tume ya Utumishi wa Umma hukutaka ujaze taarifa zako kwenye tovuti yake, na walimu nao hupewa alama na Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) kwa kuangalia vyeti na mwaka waliohitimu. Mwandishi akitaka pia kukuongezea ada ya kukutafutia cheti cha maadili mema cha polisi, kataa: tangu Sheria ya Ajira irekebishwe mwaka wa 2022, mwajiri hapaswi kukudai vyeti vya aina hiyo kabla ya kukusudia kukupa mkataba.

Tena sote tulifundishwa kuandika wasifukazi katika insha za sekondari, ingawa mwalimu hakutuambia tuhesabu malori. Je, vitabu vya stoo unaweza kuvifikia?

NyarKisumo alijibu:

Asante, Mama. Ninalo daftari langu la mapokezi tangu 2021, pamoja na hesabu za kila mwisho wa mwezi. Nimelifungua sasa hivi: mwezi wa kwanza wa daftari tulipungukiwa na mifuko 31 ya saruji, mwezi uliopita miwili. Sikuwahi kufikiria kwamba hilo ni jambo la kuandikwa. Nitaliandika mwenyewe kwanza, kisha nitafute mtu wa kunisahihishia Kiingereza kwa bei ya chini.