Mzee alipigana Kagera, mgongo umekataa dawa: kati ya tiba hizi za kisaikolojia, ipi inamfaa?

MwanaNgaramtoni:
Wakuu, habari za jioni. Mzee wangu ana miaka 69, alipigana vita vya Kagera. Mgongo unamtesa tangu mimi niko shule ya msingi. Dawa za maumivu zimempa vidonda vya tumbo, daktari kazipiga stop. MRI tumepiga, jibu ni pingili zimechakaa kama za mzee yeyote. Mtu wa fiziotherapia akasema tumwone mwanasaikolojia. Mzee akauliza, "Kwani mimi kichaa?" Tulirudi na daladala kutoka Kilombero ya Arusha mpaka nyumbani bila neno.

Nimetajiwa tatu: tiba ya fikra na tabia (kubadili mawazo na mazoea yanayokuza maumivu), mazoezi ya utulivu na pumzi, na ile ya kutambua na kutoa hisia (machungu yaliyofukiwa moyoni). Mfuko wangu unabeba moja tu. Ipi?

Meku_Kibosho:
Mchue na mafuta ya nyonyo, jioni mbege kata moja. Saikolojia waachie wazungu.

NesiMstaafu:
Meku, mtu ana vidonda vya tumbo unampa mbege?

Mleta mada, kwanza hakikisha hana haya: ganzi sehemu za siri, mkojo kukataa au kutoka bila habari, homa za jioni, kukonda. TB hukaa kwenye uti wa mgongo, na saratani ya tezi dume hupenda mifupa hiyohiyo. Kama daktari ameshayaondoa hayo, endelea.

Halafu mzee aambiwe wazi kwamba maumivu yake ni ya kweli, hajifanyi. Yakipita miezi 3, ubongo na mishipa ya fahamu vinaweza kuzoea kupiga kengele hata kama jeraha lilishapona. Mwambie kwa lugha ya lindo: mlinzi aliyewahi kuvamiwa, paka akipita tu anapuliza filimbi. Askari atakuelewa.

FundiMajengo:
Kuna ya 4 hawakukutajia. Baba mdogo alikatwa mguu chini ya goti, miaka yote anaumwa kidole gumba ambacho hakipo. Huku Moshi wakamfundisha ya kioo. Tulitoa kioo cha kabati, tukakisimamisha katikati ya miguu, akawa anachezesha mguu mzima huku anautazama kiooni, macho yanaona miguu miwili. Robo saa kila siku. Siku ya kwanza alicheka, ya tatu alilia. Sasa analala. Ila mgongo haufanyiwi hivyo, nimeweka kwa wengine wenye wazee waliokatwa viungo.

Mshauri_Sakina:
Nafanya ushauri nasaha, nieleze ninavyozichagua.

Utulivu na pumzi ndiyo rahisi kuliko zote. Programu yake maarufu ya wiki 8 ilianzishwa Marekani na Jon Kabat-Zinn mwaka 1979. Inasaidia usingizi na kukakamaa. Lakini kwa aliyetoka vitani, kufumba macho na kukaa kimya kunaweza kumrudisha hukohuko. Afanye macho wazi, muda mfupi.

Fikra na tabia ndiyo yenye wataalamu wengi zaidi, kwa hiyo ndiyo utakayoipata kwa urahisi. Kutoa hisia ina wachache. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya utafiti wa Los Angeles kwa maveterani 126 wa miaka 60 hadi 95, hizi mbili zikishindanishwa. Waliopungukiwa maumivu kwa asilimia 30 au zaidi walikuwa 63 kwa kila 100 upande wa hisia, na 17 upande wa fikra na tabia.

BintiMachame:
Mshauri, kwa heshima zote, hizo namba zisimfanye mtu aidharau fikra na tabia. Mjomba wangu ni askari mstaafu, aliacha hata kuokota jembe akiogopa mgongo "utakatika". Akapewa daftari: palilia mistari miwili ya migomba, pumzika KABLA haijauma, siyo baada. Akawa anaongeza mstari mmoja kila wiki. Mgongo bado unauma, ila kihamba chake kinang'aa na shangazi kapumua.

Mshauri_Sakina:
Sikatai, dada. Mjomba alifungwa na woga wa kujongea, na hapo tiba hiyo ndiyo yenyewe. Ndiyo maana nauliza kabla ya kushauri. MwanaNgaramtoni, mzee anaogopa kuinama? Na yanazidi lini?

MwanaNgaramtoni:
Kuinama anainama, ng'ombe anakamua mwenyewe. Nimekaa nikafikiri, nikaona yanazidi Julai. Ikikaribia Siku ya Mashujaa, tarehe 25, anazima TV na kulala chali siku mbili tatu. Tulikuwa tunasingizia baridi ya Julai. Pia haegemei kiti, anakaa ukingoni kama anayesubiri kuitwa. Na kuna mwenzake mmoja wa vitani ambaye jina lake halitajwi nyumbani.

Mshauri_Sakina:
Basi kwa huyo ningeanza na hisia. Katika utafiti ule, wenye sonona na kiwewe ndio walionufaika zaidi. Usimchimbe wewe nyumbani, tafadhali. Tafuta mwanasaikolojia tiba, kupitia idara ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa, muulize kama amewahi kushika watu wa maumivu sugu NA kiwewe. Akikujibu kwa hasira, tafuta mwingine.

Meku_Kibosho:
Nafuta ya mbege. Nyonyo nabaki nayo.

MwanaNgaramtoni:
Mrejesho, wakuu. Tumeenda Jumatano mbili. Ya kwanza alitoka kanuna, eti "yule binti ni mdogo kuliko mjukuu wangu". Ya pili alikaa ndani saa nzima na nusu, akatoka macho mekundu, akaomba chai. Nikamuuliza mgongo vipi. "Upo." Sikuongeza neno.

Jana usiku kaja mlangoni kwangu na tochi, kaniuliza kama nauli ya Jumatano ipo.