Kura ku telefone, juu ya nini haiwezekani?

mwana_ruashi
Jambo bandugu. Niko na ulizo moja inanisumbua tangu kura ya 2023 uku kwetu Kongo. Mama yangu, miaka 70 na kitu, aliamka saa kumi ya usiku, tukaenda naye ku masomo moja karibu na kwetu, mashini ya kura ikafika saa sita ya mchana, kiisha batri ikakufa, kiisha tena balisema karte yake ya kura haionekani, na ni kweli ilikuwa imefutika, sura yake ilibakia paka kivuli, na mwaka haujaisha tangu bamutolee ile karte!! Tulirudia na giza, hakupiga. Na uyu uyu mama anapokea franga za kaka yangu wa Kolwezi ku telefone, anaweka kode, basi imeisha. Sasa franga inapita, juu ya nini kura isipite?

fundi_kamalondo
Pole ya mama. Lakini franga na kura si ndugu. Ukituma franga kampuni inajua ni weye, umetuma ngapi, kwa nani, ukikosea unabaita banatafuta. Kura inapashwa kujua kama umepiga, bila kujua umemupigia nani, ata kesho ukiuliza "yangu ilienda wapi" hakuna mutu anapashwa kuweza kukujibu. Apo njo nguvu iko. Estonia banapiga ku intaneti tangu 2005, mu 2023 ilipita nusu ya kura zote, lakini kule karte ya taifa iko na chipu na kode, tena unaweza kupiga mara mingi, ya mwisho njo inahesabiwa, juu mutu akikusimamia ku kichwa unapiga ile anataka, akienda unabadilisha. Siye uku karte ya kura njo karte ya kila kitu, ku banki, ku barabara, fasi yote.

yaya_wa_katuba
Na yule wa kukusimamia ku kichwa uku kwetu hakosekani. Kandida anapitia na bitambaa na sukari, "bibi leta telefone nikusaidie", imeisha. Mu kibanda ata kikiwa cha karto uko peke yako. Bwana yangu mpaka leo hajue nilimupigia nani 😄

muzee_biro
Mi nilitumika mu biro ya kura 2018 na 2023. Batu bengi banawaza mashini njo inahesabu. Apana. Unaingiza karatasi, unagusa sura ya mutu wako, inachapa, unaitia mu sanduku. Magaribi tunafungua sanduku, tunasoma karatasi moja moja mbele ya mashahidi, kiisha tunabandika matokeo ku mulango. Mwana, pale ku mulango njo kura inalindwa, lakini ile saa batu bote beko nyumbani banaangalia mupira. Biro yetu tulimaliza na tochi za telefone, saa tisa ya usiku, tukabandika, mvua ikanyesha asubui, karatasi ikaanguka mu matope. Kijana mumoja tu ndiye alikuwa ameipiga foto.

Kwa mama: sheria inamuruhusu mutu asiyeweza kupiga peke yake aingie na mutu anamuchagua yeye mwenyewe, bamama bengi habajui. Mi ningeanza na batri ya pili, biro karibu, listi ibandikwe mapema mutu atafute jina yake kwa utulivu, na karte isiyofutika. Telefone nyuma.

fundi_kamalondo
Muzee amesema. Ata Ujerumani, mahakama ya katiba ilikatala mashini mu 2009, juu raia wa kawaida alikuwa hawezi kuchunguza mwenyewe kama hesabu iko sawa. Karatasi ku mulango ata mama muuza mboga anaisoma.

mwana_ruashi
Asanteni bazee, nimemusomea mama yote. Ile ya foto ameipenda, anasema 2028 atanituma mi nisimame pale mulango mpaka usiku. Lakini anauliza karte ya kuonekana atapata wapi kabla ya apo, juu leo tena ku banki balimurudisha.