Njia ya ndani imefungwa kati ya Mugunga na Keshero: tupite wapi kwa baiskeli kwa usalama?

Msafiri wa Mugunga

Salamu kwenu nyote. Ninaishi Mugunga, hapa mjini Goma, na kazi yangu iko Himbi. Kila siku ya kazi ninaondoka nyumbani kwa baiskeli kabla jua halijachomoza, na mara nyingi ninambeba mdogo wangu kwenye karia hadi karibu na shule yake. Tumezoea kupita njia ya ndani, ile inayoiacha barabara kuu ya Sake na kukatiza katikati ya nyumba mpaka Keshero, kwa sababu malori hayapiti huko. Sasa kipande chake kimefungwa: mtaro wa mabomba umechimbwa, kifusi kimerundikwa kingo zote mbili, na hata anayesukuma baiskeli kwa mkono hapiti. Hakuna kibao kinachoelekeza watu pa kupitia wala kinachosema kazi itakwisha lini.

Nimeona njia mbili zinazoweza kunisaidia. Moja ni kijia kinachoshuka upande wa ziwa, kinapita mashambani karibu na Lac Vert kisha kinapanda tena kuelekea Keshero. Ni kifupi na kimetulia. Nyingine ni lami yenyewe, pamoja na malori ya Fuso yanayotoka Sake. Naomba ushauri wa watu wanaozifahamu pande hizo, hasa kwa saa za alfajiri na kwa mtu aliyebeba mtoto.

Mwana wa Katindo

Ndugu, kwa alfajiri mimi siipendi lami. Malori yaliyojaa viazi, maharage na makaa huingia mjini mapema, taa za baadhi yao hazifanyi kazi, na wenye chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili, nao wako barabarani wakiwa na mizigo inayozidi upana wa mikono yao. Chukudu ikishateremka haisimami upesi, kwa kuwa breki yake ni kipande cha raba ambacho mwendeshaji hukikandamiza kwa mguu kwenye gurudumu la nyuma. Ukibanwa kati ya chukudu na Fuso huna pa kwenda isipokuwa mtaroni. Kama kijia cha ziwani kiko wazi na watu wa huko ni wema, ningekifuata hicho.

Mama wa Lac Vert

Mwanangu Msafiri, tafadhali usishuke na mtoto katika kijia hicho alfajiri. Namheshimu ndugu wa Katindo, na aliyoyasema kuhusu malori ni kweli, lakini sisi tunaokaa huku tunajua kwamba mabonde yale yana mazuku. Hewa ile hutoka ardhini, haina rangi wala harufu ya kukutahadharisha, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida hujikusanya mahali palipoinama kama maji kwenye beseni. Usiku na alfajiri, upepo unapokuwa umelala, ndipo inapojaa. Asubuhi tunakuta mijusi na ndege wamekufa chini ya bonde, na mbuzi aliyevunja kamba usiku akaenda kulala huko harudi. Mimi nimepoteza mbuzi kwa namna hiyo, na jirani yangu vilevile.

Sikiliza pia jambo hili, kwa sababu wapanda baiskeli hawalifikirii. Wewe ukiwa umekaa juu ya tandiko, kichwa chako kiko juu, na pengine utavuka bonde usihisi chochote. Lakini kijia kile kimejaa mawe ya lava yenye makali, na tairi likitoboka utafanya nini? Utasimama palepale, utachuchumaa kutafuta tundu, utainama kupiga pampu huku ukihema kwa nguvu, na mdogo wako atakaa chini kando yako akikusubiri. Hapo nyote wawili mtakuwa mmeweka pua zenu mahali ambapo hewa hiyo imelala.

Msafiri wa Mugunga

Shikamoo Mama, na asante sana. Nilisikia habari za mazuku tangu utotoni, lakini nilidhani ni mambo ya kule Bulengo na kwenye mashimo makubwa tu. Naomba kuuliza mawili. Je, jioni ninaporudi peke yangu naweza kukitumia kijia hicho? Na je, ni kweli kwamba mtu akiwasha kibiriti na kukishusha chini, kikiendelea kuwaka basi mahali hapo ni salama?

Mwalimu wa sayansi, Himbi

Naomba nijibu kwa niaba ya Mama, naye atanisahihisha kuhusu mahali penyewe. Gesi inayohusika ni hewa ya ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, ambayo uzito wake ni kama mara 1.5 ya uzito wa hewa ya kawaida. Katika hewa tunayovuta kila siku haifiki hata asilimia 0.1, lakini ikikaribia asilimia 10, mtu anaweza kupoteza fahamu baada ya muda mfupi sana. Kipimo cha kibiriti ni hatari kwa sababu hiyo hiyo: moto unahitaji gesi nyingi zaidi ili uzimike kuliko inayohitajika kumdhuru mtu. Ukizimika, ondoka mara moja. Usipozimika, hujapata uthibitisho wowote. Kufunga kitambaa au barakoa puani nako hakusaidii kitu, maana gesi hupenya.

Kuhusu jioni, jua na upepo wa mchana huitawanya gesi kwa kiasi kikubwa, na ndiyo maana watu hulima huko mchana. Hata hivyo giza likianza kuingia na upepo ukatulia, hali hubadilika. Jua letu huzama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, hivyo anayetoka kazini saa kumi na moja na nusu hana nafasi ya kuchelewa. Mimi singekitumia.

Nalisema na hili kwa kila anayesoma: ukimwona mtu ameanguka bondeni, usikimbilie kumwinua. Aliyetangulia ameanguka kwa sababu ya hewa, na wewe utaivuta hiyo hiyo. Piga kelele kutoka juu, tafuta kamba na watu. Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma huyafuatilia mambo haya, kwa hiyo mwenye shaka juu ya bonde fulani aende kuuliza huko.

Fundi wa Ndosho

Ndugu Msafiri, ipo njia ya tatu. Badala ya kushuka, vuka lami hapo Mugunga ukiwa umeshuka kwenye baiskeli, ingia upande wa kaskazini, na ufuate barabara za mtaa kuelekea Ndosho. Usipande mbali sana kuelekea mbugani. Kaa kwenye mitaa yenye nyumba. Ni mzunguko, na utatikiswa, lakini utakuwa juu na katikati ya watu. Kabla ya kuanza, waulize majirani wa huko kuhusu hali ya usalama ya siku hiyo, kwa sababu mtaa uliokuwa shwari jana unaweza kuwa tofauti leo.

Kwa tairi, usijaze upepo hadi liwe gumu kama jiwe, maana lava hukata haraka mpira uliovutwa sana. Wala usiliache laini, kwa kuwa rimu itaubana mpira wa ndani kwenye ncha ya jiwe na kuutoboa matundu mawili kwa mpigo. Likikubali kidogo unapolibonyeza kwa gumba, linatosha. Na kwa kuwa unambeba mtoto, funga kipande cha mpira mzee pande zote mbili za karia, ili mguu wake usiingie kwenye spoki mnaporuka mawe.

Msafiri wa Mugunga

Nawashukuru nyote. Kesho tutapita Ndosho, na tutaondoka mapema zaidi ili mtoto asichelewe. Leo jioni nitakwenda kwa mkuu wa mtaa wetu kumwomba mahali kijia cha ziwani kinapoanzia pafungwe kwa mawe na pawekwe tangazo, kwa sababu tangu mtaro uchimbwe nimewaona wanafunzi wakishuka huko wenyewe asubuhi.

Mama wa Lac Vert

Fanya hivyo, mwanangu. Upande wetu wa chini nitazungumza na wenye mashamba, nasi tuufunge.