Simu yangu imekaa kituoni siku 19 "kwa upelelezi", kumbe watu wanaangalia TikTok na kusoma siri za mdogo wangu

Wakuu salamu. Uzi ni mrefu na nimeandika kwa hasira, mwenye haraka apite tu.

Mimi ni wakala wa kutoa na kuweka hela, nina kibanda uswahilini huku Dar mwaka wa sita sasa. Mwavuli, meza, vitochi viwili (simu ndogo za batani) vya laini za uwakala, daftari, na smatifoni yangu mwenyewe ambayo haina hata laini ya uwakala ndani yake. Hilo la mwisho lishikeni, maana ndio ugomvi wote umelala hapo.

2024 mwezi wa tano alikuja jamaa akatoa laki 3 na nusu. Kaonyesha kitambulisho, nikaandika daftarini kama ninavyoandikaga siku zote, akasaini akasepa. Kumbe ile hela ni ya mzee mmoja katapeliwa kwa ule mchezo wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Wiki moja baadae wakaja wapelelezi wawili wamevaa kiraia, wanataka kujua nani alitoa hela.

Hapo sina tatizo kabisa. Hao matapeli hata mimi washanilaza, kuna siku walinikomba floti (hela ya mtaji ya uwakala) ya laki na 80 kwa meseji feki nikalia mpaka nikachoka, kwahiyo mtu akija kuwatafuta mimi namkaribisha na kiti nampa. Nikatoa daftari, nikafungua ukurasa, saa ipo, jina lipo, namba ya kitambulisho ipo, sahihi ipo. Nikawapa na kitochi chenye muamala wenyewe. Yani kila kitu cha hiyo laki 3 na nusu kilikuwa mezani, na kisichokuwepo mezani kipo kwenye mitambo ya kampuni ya simu, wakiandika barua wanaletewa.

Yule mmoja, kijana tu, akaiona smatifoni yangu ipo kwenye chaji.

"Na hiyo?"

"Hiyo ya kwangu binafsi afande, sifanyii kazi."

"Lete na hiyo. Paswedi yake ngapi?"

Nikamuuliza paswedi ya nini tena wakati muamala upo kwenye kitochi. Akanijibu dada usijifanye mjuaji, ukizuia upelelezi sheria ya mtandao inakuhusu, unataka kulala ndani? Wateja wamesimama wananiangalia, kuna mama alikuja kuweka elfu 10 tu akageuza akaenda zake. Nikatoa paswedi. Mnicheke mkitaka, ila mtu una mtoto anarudi shule saa 9, utafanyaje?

Kituoni (sitakitaja, sitaki kuongeza kesi) nikakalishwa kwenye benchi pale kaunta kusubiri kuandika maelezo. Kama shahidi, tuelewane. Sijawahi kuambiwa mtuhumiwa mpaka leo. Kijana kakaa mkabala na mimi anaperuzi simu yangu. Kaanza na picha, anapandisha anashusha anapandisha, harusi ya binamu, mtoto wangu anaoga akiwa mdogo, picha zangu nikiwa nimejifunga kanga tu nyumbani kwangu. Akaingia WhatsApp, akakuta grupu la kikoba chetu, mimi ndio mweka hazina, wanawake 22, nani ana mkopo kiasi gani, nani kachelewesha rejesho na sababu aliyotoa. Anamwambia mwenzake "kumbe hawa wana hela ndefu hivi". Laki 3 na nusu ya mzee wa watu inahusiana vipi na rejesho la mama ntilie?

Halafu akafungua meseji za mdogo wangu.

Mdogo wangu mimba ilimtoka mwezi wa nne. Tulikuwa tunajua watu watatu tu, yeye, mimi na mama yetu, hata wifi zake hawakuambiwa kwa sababu zao za ukweni ambazo hapa sizisemi. Sasa yule kijana akaanza kusoma kwa sauti. Sio kwa kunong'ona, kwa sauti, huku anatabasamu. "Dada bado natokwa na damu leo siku ya nne." Pale benchi tulikuwa watu kama saba na mmoja wao ni mama wa mtaani kwetu amekuja kufuatilia RB ya mwanae kaibiwa pikipiki. Nikamwambia afande hayo ni mambo ya mgonjwa naomba uache, akasema nakagua, huwezi jua mnaongea kwa mafumbo. Kwa mafumbo! Damu ya mtu ndio fumbo la laki 3 na nusu.

Mwezi haujaisha mtaa mzima unajua. Wifi zake wakajua. Nyumba ile sasa hivi ni kununiana tu.

Hiyo ni siku ya kwanza. Jioni nikaandika maelezo, kurasa mbili, nikaruhusiwa. Simu inabaki. Naomba karatasi ya kuonyesha mmebaki na simu yangu, mzee mmoja wa kaunta akaniambia mama nenda nyumbani, simu haiwezi kupotea hapa, hapa ni polisi. Karatasi sikupewa. Vitochi walinirudishia baada ya siku mbili. Smatifoni ndio ikakaa 19. Yani kifaa kilichofanya muamala kimerudi chap, kisichohusika ndio kikageuka ushahidi mkubwa. Nani anaweza kunielewesha hilo?

Siku ya nne rafiki yangu mmoja ananiuliza mbona umeangalia stetasi yangu usiku halafu hujanijibu. Nikamwambia simu yangu ipo polisi. Kimyaa. Akanitumia picha ya skrini, jina langu lipo kwenye orodha ya walioangalia, saa 5 na dakika 40 usiku. Mdogo wangu nae akaniambia nilikuona onlaini jana nikafurahi nikajua umerudishiwa. Sasa jiulizeni, ile simu niliitoa kwenye chaji ina kama asilimia 30. Siku ya nne ina moto. Nani aliichaji? Na kama ni ushahidi, ushahidi gani unachajiwa unawekwa data unaangalia stetasi za watu?

Nilivyorudishiwa, bando langu limelambwa lote. Nikafungua TikTok. Mimi TikTok yangu ilikuwa mapishi, mishono ya vitenge na mahubiri kidogo. Nakuta magoli, mieleka, na wadada wanakata viuno. Inaniletea mpira mpaka leo! Kila nikifungua namkumbuka mtu aliyekuwa anajilaza na simu yangu usiku.

Na tapeli? Hawajampata. Naambiwa ile laini yake ilisajiliwa kwa kidole cha bibi kizee wa kijijini ambae hata hajui kama ana laini. Mnakumbuka tulivyopangwa foleni 2019 tusajili kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, mpaka Januari 20, 2020 ndio mwisho laini zinazimwa, tukaambiwa utapeli basi? Haya. Kidole nimetoa, paswedi nimetoa, tapeli yupo mtaani anakula kuku.

Sasa nije kwenye sheria, maana najua watakuja wajuaji hapa kuniambia polisi wana haki yao. Nina mpwa wangu mtoto wa kaka anasoma sheria, nilimuita nyumbani nikampikia pilau nikamwambia nieleze kama mtoto mdogo. Akaniambia shangazi, Katiba ibara ya 16 inasema kila mtu anastahili kuheshimiwa na kupata hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na mawasiliano yake ya binafsi. Nikafurahi. Akasema subiri, ibara hiyohiyo inaruhusu sheria iweke utaratibu wa kuingilia. Nikauliza utaratibu wenyewe upi. Akanifungulia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 31. Mkuu wa kituo akiridhika kwamba kuna sababu za msingi kushuku kifaa kinaweza kuwa ushahidi, anatoa amri mwenyewe kipekuliwe au kichukuliwe.

Nikamwambia rudia. Mkuu wa kituo? Sio hakimu? Akasema sio hakimu shangazi, mkuu wa kituo.

Yani bosi wa yule kijana ndio anaamua kama yule kijana ana sababu. Refa na wachezaji wamevaa jezi moja. Kesi ya nyani anaisikiliza ngedere, alafu tunaambiwa tuwe na imani.

Na hata hiyo amri ya bosi wake mimi sikuonyeshwa! Kile alichonitishia ni kifungu cha 22, kuzuia upelelezi, faini isiyopungua milioni 3 au jela isiyopungua mwaka 1 au vyote. Mpwa akasema hicho kinahusu mtu anayeharibu au kuficha ushahidi au kugomea amri, sasa wewe uligomea amri ipi shangazi? Na karatasi niliyonyimwa ipo kisheria, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka kitu kikichukuliwa kwenye upekuzi itolewe risiti yenye sahihi ya mwenye mali na mashahidi. Kumbe yule mzee aliyeniambia hapa ni polisi ndio alitakiwa aandike.

Nikauliza na ile sheria mpya ya taarifa binafsi je, ile ya 2022 iliyoanza kazi Mei 2023? Akacheka. Akasema ipo na ni nzuri, ila mambo ya kuzuia na kupeleleza uhalifu yamewekewa mlango wake wa pembeni.

Halafu akanipa kisa cha Marekani kikanitia uchungu zaidi. 2009 huko San Diego kuna jamaa anaitwa David Riley alisimamishwa kwa gari ambayo usajili umeisha muda, wakakuta bunduki kwenye gari, wakachukua smatifoni yake wakaipekua bila hati ya mahakama. Na huyo sio malaika jamani, alihusishwa na genge la kupiga watu risasi, alifungwa. Lakini kesi ikafika Mahakama ya Juu na Juni 2014 majaji wote 9, bila hata mmoja kupinga, wakasema hapana, simu ya mtu aliyekamatwa haipekuliwi mpaka upate hati ya jaji, labda kuwe na dharura ya kweli. Serikali ilikuwa inabisha kwamba kupekua simu ni sawasawa na kupekua pochi iliyo mfukoni. Jaji mkuu Roberts akawajibu hiyo ni kama kusema kupanda farasi na kwenda mwezini ni kitu kimoja.

Nilipenda hapo upande wa serikali ulipouliza je simu ikifutwa kwa mbali kabla hati haijatoka? Wakajibiwa izimeni, toeni betri, au iwekeni kwenye mfuko wa kuzuia mtandao. Basi. Sio wachawi wale, ni mfuko tu. Simu yangu mimi haikufungwa hata kwenye rambo, ilikuwa inakula bando. Na msiniambie Marekani ni mbali, Kenya hapo jirani sheria yao ya mtandao ya 2018 afisa anaenda mahakamani kuomba hati ya kupekua data. Jinsi wanavyofanya mtaani sijui kwao, ila angalau imeandikwa.

Sasa kuna wale wa "kama hujafanya kosa unaogopa nini". Kaka yangu mwenyewe alinijibu hivyo, akaongeza nishukuru sikulala ndani. Nikamwambia kaka nipe simu yako na paswedi nikae nayo mpaka kesho. Akaiingiza mfukoni haraka mpaka ikaanguka. Mimi sijaficha kosa, nilikuwa nimebeba mimba ya mdogo wangu na madeni ya wanawake 22, na hao hakuna aliyetuhumiwa hata kuiba kuku. Wao nani aliwauliza? Kila mnayemtumia meseji, siri yako inalala kwenye simu yake, na siku akiitwa kuwa shahidi wa kesi ya mbuzi ndio na wewe umepekuliwa hivyo bila kujua. 2016 mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, Maxence Melo, alifikishwa mahakamani kwenye hayahaya ya kukataa kuwapa polisi taarifa za wanachama, mimi nikadhani ni mambo ya wanasiasa na watu wa mitandao. Kumbe na sisi wa mwavuli tumo.

Sijasema wasipekue. Andikeni kwenye karatasi mnatafuta nini, "mawasiliano kati ya huyu wakala na namba ya tapeli kuanzia tarehe fulani mpaka fulani", mpelekeeni hakimu ambae hamlipwi dirisha moja asaini, njooni mtafute hicho mbele yangu mkimaliza mnirudishie. Ile namba ya tapeli ungeiandika tu kwenye sehemu ya kutafuta, dakika moja ingetosha, haikuwepo. Badala yake mtu kaanza na picha za kanga.

Mpwa anasema tunaweza kuandika malalamiko kwa mkuu wa kituo. Ndio, huyohuyo wa kifungu cha 31. Nimecheka mpaka mtoto akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Ila tumekubaliana tuandike na nakala iende ngazi ya juu yake, na tudai ile risiti hata kama wamechelewa kuitoa. Kama kuna wakili humu au mtu alishapita njia hii aniambie naanza wapi na inanigharimu kiasi gani, na kama zile picha za skrini za stetasi zinakubalika kama ushahidi, maana rafiki yangu bado anazo na mimi nimezichapisha kabisa kwenye karatasi pale steshenari, mia 5 kila moja.

Jumatatu asubuhi tunaenda na mpwa. Nitaleta mrejesho.